Kielelezo na Mlezi: Mafunzo kutoka kwa Wanafunzi Walatino wa Marekani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii huchukulia kuwa mlezi anaijua njia anayomwelekeza mtoto. Je, mzazi ambaye hajawahi kukanyaga chuo kikuu atamwongozaje mwanawe hadi huko? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kurejelea wanafunzi Walatino wa shule za upili nchini Marekani, pamoja na watu wazima wanaojitolea kuwa vielelezo vyao.

Usuli

Walatino ni watu wenye asili ya Meksiko, Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa kadhaa vya Karibi. Sensa ya mwaka wa 2020 ilihesabu zaidi ya milioni 62, yaani takribani asilimia 19 ya wakazi wa Marekani. Ni kosa kudhani kwamba wote ni wahamiaji. Wenyeji wa Puerto Rico wamekuwa raia wa Marekani tangu 1917, na zipo familia za asili ya Meksiko zilizoishi Texas na California kabla ya maeneo hayo kuwa sehemu ya nchi hiyo.

Hata hivyo, kwa muda mrefu shule nyingi ziliwaelekeza watoto wao kwenye kazi za mikono. Mnamo Machi 1968, maelfu ya wanafunzi wa East Los Angeles walitoka madarasani kupinga hali hiyo. Miongoni mwa madai yao yalikuwa walimu zaidi wa asili yao na mtaala unaoitambua historia yao. Mwalimu Sal Castro wa shule ya Lincoln alisimama nao, na baadaye akakamatwa. Kwa maneno mengine, vijana wenyewe ndio waliodai vielelezo.

Mifano miwili

Mfano wa kwanza ni ASPIRA, shirika lililoanzishwa New York mwaka wa 1961 na Antonia Pantoja, mzaliwa wa Puerto Rico aliyewahi kufanya kazi kiwandani kabla ya kuendelea na masomo. Jina hilo latokana na kitenzi cha Kihispania chenye maana ya kutamani makuu. Shirika hili liliunda vilabu katika shule za upili, ambamo vijana walijifunza uongozi na historia yao huku wakipata ushauri kuhusu vyuo.

Mfano wa pili ni Puente, neno lenye maana ya daraja. Mradi huu ulianzishwa mwaka wa 1981 katika chuo cha Chabot, California, na Felix Galaviz na Patricia McGrath, kisha ukaingizwa katika shule za upili mwaka wa 1993. Daraja hili lina nguzo tatu: somo la uandishi linalotumia fasihi ya Walatino, mshauri wa masomo, na mlezi wa kujitolea kutoka katika jamii. Nguzo hizi hutegemeana. Mwanafunzi anayemwona mhandisi wa mtaani kwao hupata tamaa ya kusoma, lakini tamaa bila ujuzi wa kuandika insha na kujaza fomu za maombi haimfikishi mbali.

Tofauti ya msingi

Hapa yafaa tutofautishe dhana mbili. Kielelezo huonekana, mlezi hukaa. Katika jadi ya Waswahili wa pwani, mwari alikabidhiwa somo, mwanamke aliyemfunza mambo ya utu uzima, na aghalabu uhusiano wao haukukoma sherehe zilipokwisha. Ulezi ni wa namna hiyo.

Utafiti waunga mkono hoja hii. Mwaka wa 2002, Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha uchunguzi kuhusu vijana wa asili mbalimbali waliopewa walezi wa kujitolea. Waliodumu na walezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika kabla ya miezi mitatu walipungukiwa na hali ya kujithamini. Basi anayejitolea kisha akatoweka huenda akamjeruhi kijana aliyekusudia kumsaidia.

Hatari nyingine ni kumwona mlezi kama badala ya mzazi. Mzazi asiyejua mambo ya chuo bado anajua thamani ya bidii, heshima na ujamaa. Mlezi mwema hujenga juu ya msingi huo, wala haubomoi.

Hitimisho

Mwaka wa 2000, takribani asilimia 28 ya vijana Walatino wenye umri wa miaka 16 hadi 24 walikuwa nje ya shule bila cheti cha shule ya upili. Kufikia 2021 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 8. Sababu ni nyingi, na haifai kuwapa walezi sifa yote. Lakini wanaoendelea kuhitaji mkono wa kuwavusha bado wapo.

Nasi wanachama tujiulize. Tunapozuru shule za upili, tukahutubia, tukapigiwa makofi na kuondoka, tumekuwa vielelezo vya siku moja tu. Afadhali kila mmoja wetu achague mwanafunzi mmoja na kumfuata mwaka mzima, kuliko kuwahutubia mia tano na kuwasahau kabla ya basi kufika langoni.