Kushona Mfarishi: Mishono Midogo Iliyo Sawa

Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye matabaka matatu: nguo ya juu, pamba katikati, na bitana chini. Matabaka hayo hushikwa pamoja kwa kupigwa bandi, yaani mistari ya mishono ipitayo juu na chini, juu na chini, kama nyayo za mtu atembeaye mchangani. Mfarishi usiopigwa bandi za kutosha, hata ukiwa wa kitambaa cha thamani, ukifuliwa mara chache pamba yake huhama ikajikusanya mabonge mabonge, na mahali palipokuwa na joto pakabaki nguo mbili tupu. Tena mshono mrefu hunaswa na kidole cha mguu usiku, uzi ukakatika, na mstari mzima ukaanza kufumuka. Kwa hiyo mishono midogo si mapambo tu.

Katika Durham, kaskazini mwa Uingereza, na katika mabonde ya Wales, kazi hii ilikuwa chakula cha watu. Huko wanaume wengi walichimba makaa ya mawe. Mume alipokufa au kuumia shimoni, mara nyingi mkewe aliweka fremu ndefu ya mbao nyumbani mwake, akaanzisha chama cha mifarishi: majirani walilipa fedha kidogo kila juma, na mshonaji akawashonea mmoja baada ya mwingine. Malipo yalikuwa madogo sana kwa kazi ya majuma mengi. Baadaye kazi ya migodi ilipozorota, chombo kilichoitwa Rural Industries Bureau kilianza, mwaka 1928, mpango wa kuuza London mifarishi iliyoshonwa na wanawake wa sehemu hizo mbili. Hata hoteli kubwa ya Claridge's iliagiza mifarishi yao. Mnunuzi wa namna hiyo hakununua kwa huruma. Alitazama mstari wa mishono. Mpango huo ulikoma vita vilipoanza mwaka 1939, lakini kwa muda wa miaka kumi na kitu mkono uliojua kushona sawasawa ulikuwa umelisha nyumba ambazo mshahara wa mgodini haukutosha.

Watu wamtazamapo fundi wa mfarishi hudhani kwamba ana macho makali kuliko wengine. Siri haimo machoni. Imo kwanza katika pamba: pamba nene haikubali mshono mdogo, hata kwa fundi wa miaka thelathini, na anayejifunza atumie pamba nyembamba. Pili, imo katika sindano. Sindano ndefu ya kushonea nguo za kawaida hupinda na kuyumba. Kwa kazi hii hutumika sindano fupi yenye tundu dogo. Namba ya sindano ikizidi kuwa kubwa, sindano yenyewe huwa ndogo zaidi, na kwa mwanafunzi yafaa aanze na namba 8. Tatu, na hili ndilo kubwa, imo katika namna sindano iingiavyo.

Mkono mmoja hukaa chini ya nguo, kidole cha shahada kikigusa bitana. Mkono wa pili hushika sindano juu, na kidole chake cha kati huvaa subana, yaani kile kikombe kidogo cha chuma cha kusukumia sindano. Sindano huingizwa ikiwa imesimama wima kama mlingoti, mpaka kidole cha chini kihisi ncha yake. Mara kihisipo, sindano isisukumwe tena. Subana hukilaza kichwa cha sindano karibu na nguo. Wakati huohuo kidole cha chini huinua nguo, na kidole gumba hukandamiza mbele ya ncha, hata kikatokea kilima kidogo. Ncha hutoboa kilima hicho. Ikionekana tu, kichwa cha sindano huinuliwa tena hata sindano isimame wima, ikashuka kwa mshono wa pili. Ni mwendo wa mtumbwi uyumbao juu ya wimbi bila kuondoka mahali pake. Mishono miwili au mitatu hukusanywa hivyo katika sindano kabla uzi haujavutwa.

Wengi hukosea katika kule kusimamisha sindano. Sindano iingiayo kwa kulala hupita njia ndefu ndani ya pamba. Juu mshono huonekana mzuri, lakini mfarishi ukigeuzwa, mishono ya chini ni midogo mno, na mingine imeikosa bitana kabisa. Kosa lingine ni kuwamba nguo kwa kuikaza kama ngozi ya ngoma. Nguo iliyokazwa hivyo haiwezi kuinuka kilima. Iwe katika fremu au katika pete mbili za mbao ziingianazo, nguo ilegezwe kiasi, hata kidole kikisukuma kutoka chini iinuke bila shida.

Kidole cha chini kitachomwa, hapana budi, kwa maana ndicho jicho la upande usioonekana. Baada ya siku kadhaa ngozi yake huwa ngumu. Tone la damu likiingia katika nguo lioshwe papo hapo kwa maji baridi, maana maji ya moto huligandisha.

Kwa mazoezi, vipande viwili vya marekani, kila kimoja inchi 18 kila upande, vyatosha, na katikati pamba nyembamba au kipande cha blanketi la pamba lililochakaa. Matabaka hayo yashikizwe kwanza kwa mishono mirefu ya muda, kisha mistari iliyonyooka ichorwe kwa penseli hafifu, ikiachana inchi moja. Uzi uwe wa rangi iliyokoza, si mweupe. Wapo wapendao uzi mweupe juu ya nguo nyeupe ili makosa yasionekane, na hao huchelewa kujifunza.

Mwanafunzi asiutafute udogo kwanza. Autafute usawa: mshono na nafasi inayoufuata viwe na urefu mmoja, na upande wa chini ufanane na wa juu. Mishono 5 katika inchi moja, ikihesabiwa ile ya juu tu, ni mwanzo wa heshima ikiwa yote ni sawa. Mishono 10 iliyo sawa ni kazi ya fundi. Mishono 10 yenye urefu tofauti tofauti huonekana mibaya kuliko 5 iliyolingana, kwa sababu jicho huona mstari kabla ya kuona mshono mmoja mmoja. Mstari wa kwanza usifumuliwe. Uachwe upate kulinganishwa na wa kumi. Nusu saa kila siku yafaa kuliko kukesha usiku mmoja, kwani mkono uliochoka hurefusha mishono bila mwenyewe kujua.

Uzi usizidi inchi 18, maana uzi mrefu hupita katika nguo mara nyingi mno ukachakaa kabla haujaisha. Fundo dogo hufungwa mwishoni mwa uzi, sindano ikaingizwa katika nguo ya juu mbali kidogo na mwanzo wa mstari, na uzi ukavutwa kwa mvuto mfupi hata fundo lipenye na kukaa ndani ya pamba. Uzi ukibaki inchi sita, fundo jingine hufungwa karibu kabisa na nguo, nalo huvutwa ndani kwa njia iyo hiyo. Sindano hupitishwa ndani ya pamba kiasi cha inchi moja, ikatokezwa juu, na uzi ukakatwa pale pale penye nguo, hata ncha yake ikarudi ndani isionekane.