Kufundisha Hali Timilifu: Kiambishi -me- Darasani

Walimu wengi wanaoanza kazi huwaeleza wanafunzi kwamba -li- huonyesha tendo lililopita zamani, na -me- tendo lililopita punde. Maelezo hayo ni mepesi kukariri, lakini humpotosha mtoto. Kiambishi -li- huliweka tendo katika wakati uliopita. -Me- huonyesha kwamba tendo limetimia na matokeo yake yangalipo.

Tutazame sentensi mbili: "Juma alivunjika mguu" na "Juma amevunjika mguu." Ya kwanza ni habari, yamkini Juma alikwisha kupona na sasa anacheza mpira. Ya pili yatutaka tutafute msaada, hata kama ajali yenyewe ilitokea juma lililopita.

Tofauti hii huonekana zaidi katika vitenzi kama kuvaa, kusimama na kulala. Tukisema "Asha amevaa kofia," kofia iko kichwani. Tukisema "Asha anavaa kofia," ndiyo kwanza anaitia. Mtoto aliyeambiwa kwamba -me- ni wakati uliopita tu, akionyeshwa picha ya Asha mwenye kofia kichwani, huenda akaandika "anavaa". Kosa hilo limetokana na kanuni aliyopewa, wala si uzembe wake.

Somo lianze kwa vitendo. Mwanafunzi mmoja afunge mlango, na wenzake waseme: "Mlango umefungwa." Kisha aufungue. Mwalimu aulize: Je, twaweza kusema bado kwamba mlango umefungwa? La. Sasa tutasema: "Mlango ulifungwa, lakini sasa umefunguliwa." Hata dakika moja haijapita, na kiambishi kimebadilika. Hapo wanafunzi watatambua wenyewe kwamba jambo la kuzingatia ni matokeo, si urefu wa muda.

Baada ya hapo tuingie katika ukanushi. Kikanushi cha "amefika" ni "hajafika". Cha "alifika" ni "hakufika". Asubuhi, majina yaitwapo, tunasema "Ali hajafika," kwani tungali tunamtazamia. Jioni, shule ikiisha kufungwa, tunasema "Ali hakufika leo."

Katika kupima somo, tusiridhike na mwanafunzi anayetaja kiambishi tu. Tumpe sentensi, naye atueleze hali ya mambo ilivyo sasa. Akiweza hayo, ameelewa.