Dondoo muhimu: Kabla ya kwenda kusoma Ujerumani

Zoea saa za Wajerumani mapema. Miadi huandikwa 14:00, yaani saa nane mchana, na kufika dakika tano kabla ndiyo heshima. Ratiba ya chuo ikiwa na herufi "c.t.", kipindi huanza robo saa baadaye, "s.t." ni saa ileile kamili.

Kinachowaumiza wengi wetu, tuliolelewa kumstahi mtu, ni usemi wa waziwazi. Profesa anaweza kukuambia mbele ya wenzako, "Hoja hii haina ushahidi," kisha akaendelea na somo. Hajakutukana, amekosoa kazi tu. Nawe muulize, mpinge kwa hoja. Ukikaa kimya semina nzima, wataona hukujiandaa. Salamu nazo ni fupi mno, hakuna habari za nyumbani wala za watoto. Usidhani umechukiwa.

Nunua vyakula Jumamosi, kwani Jumapili maduka mengi hufungwa. Kuanzia saa nne usiku punguza muziki, na kinu cha kutwangia kitunguu saumu kipumzike.

Ukishahamia, jiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili. Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi jioni, na upweke huja na giza. Panga mapema siku za kupiga simu nyumbani.

Hata kama utasoma kwa Kiingereza, anza Kijerumani sasa. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam na Nairobi.