Sura ya 11: Kutu, Adui wa Uvungu wa Gari

Katika kijiji kimoja cha wavuvi, pwani ya Tanga, palikuwa na gari dogo kuukuu la mizigo. Kila alfajiri gari hilo lilishuka ufukoni kupakia samaki, kisha likawapeleka sokoni. Dereva alilipenda sana gari lake. Kila Jumamosi aliliosha na kulifuta mpaka rangi yake iking'aa. Watu walisema kuwa gari lile, ijapokuwa lilikuwa na umri mkubwa, lilikuwa bado jipya.

Siku moja dereva alikuwa akikaribia mahali wanafunzi wanapovukia barabara. Alikanyaga breki, lakini pedali ilizama mpaka sakafuni na gari halikupunguza mwendo. Kwa bahati njema lilikuwa likienda polepole. Dereva alivuta breki ya mkono, na gari likasimama hatua chache kutoka kwa watoto.

Fundi alipoitwa, aliinama na kuchungulia uvunguni. Bomba dogo la chuma linalopitisha mafuta ya breki lilikuwa limeliwa na kutu mpaka likatoboka. Mafuta yote yalikuwa yamevuja. Fundi akamwambia dereva, "Ndugu yangu, umeliosha gari hili juu tu. Adui alikuwa chini."

Katika sura hii tutajifunza kutu ni nini, kwa nini hupenda kukaa uvunguni mwa gari, na jinsi ya kuitibu na kuizuia.

Jaribio: Chuma hushika kutu wakati gani?

Vifaa: misumari 4 ya chuma isiyopakwa zinki, msasa, chupa 4 ndogo za kioo, vifuniko 2, maji safi, chumvi, mafuta ya kula, na vifuko vidogo vya kukausha unyevu ambavyo huwekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya.

Namna ya kufanya:

1. Sugua misumari yote kwa msasa mpaka ing'ae.
2. Chupa A: Tia msumari pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Usivipasue. Funga kifuniko barabara.
3. Chupa B: Tia msumari. Mwalimu atachemsha maji kwa dakika 10, kuyaacha yapoe kidogo yakiwa yamefunikwa, kisha kuyamimina taratibu mpaka yafunike msumari. Mimina mafuta ya kula juu ya maji hayo, kisha funga chupa.
4. Chupa C: Tia msumari na maji safi yafikayo nusu ya msumari. Acha chupa wazi.
5. Chupa D: Fanya kama katika chupa C, lakini koroga kijiko 1 cha chumvi ndani ya maji.
6. Weka chupa zote mahali pamoja kwa siku 7. Zitazame kila siku na uandike unayoyaona katika daftari lako.

Matokeo: Msumari wa chupa A una hewa, lakini hauna maji. Msumari wa chupa B una maji, lakini hauna hewa, kwa kuwa kuchemsha kumeitoa hewa iliyokuwa ndani ya maji, na mafuta yamezuia hewa nyingine isiingie. Misumari hiyo miwili hubaki karibu kama ilivyokuwa. Msumari wa chupa C umepata maji na hewa pamoja, nao hushika kutu. Msumari wa chupa D kwa kawaida hushika kutu zaidi.

Jaribio hili latufundisha kwamba chuma huhitaji vitu viwili ili kishike kutu: maji na hewa. Kimoja kikikosekana, kutu haitokei.

Kutu ni nini?

Kutu si uchafu unaotoka nje na kukaa juu ya chuma. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Tulikwisha kujifunza kwamba karibu sehemu moja ya tano ya hewa ni oksijeni. Chuma kinapoungana na oksijeni pamoja na maji, hupatikana kitu kipya chenye rangi ya kahawia, nacho ndicho kutu. Ukifuta kutu, umefuta sehemu ya chuma ambayo haitarudi tena.

Kutu ina tabia mbili mbaya. Kwanza, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kwa hiyo kutu iliyo chini ya rangi huiinua rangi hiyo kama lengelenge. Pili, kutu ni laini na ina vinyweleo vingi. Haiwezi kukifunika chuma kilicho chini yake. Maji na hewa hupenya, na kutu huendelea kula ndani mpaka chuma kitoboke.

Chumvi haileti kutu peke yake, lakini huiharakisha. Wakati chuma kinaposhika kutu, umeme mdogo sana hupita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Maji ya chumvi hupitisha umeme huo kwa urahisi kuliko maji matamu. Ndiyo sababu gari linalokanyaga maji ya bahari huliwa na kutu upesi.

Kwa nini uvungu huliwa kwanza?

Paa la gari hupigwa na jua na upepo, hivyo hukauka upesi baada ya mvua. Uvungu hauna jua. Magurudumu hurusha maji, mchanga na kokoto. Kokoto hugonga rangi na kuibandua. Matope hujikusanya ndani ya madigadi na kwenye pembe za chuma, na humo hushika unyevu kwa siku nyingi, kama kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye jeraha.

Tena, chini ya gari kuna mihimili ya chuma iliyo wazi ndani kama mianzi. Mihimili hiyo ina vitundu vya kutolea maji. Vitundu vikizibwa na matope, maji hukaa ndani, na kutu hula kutoka ndani kuja nje, mahali ambapo macho hayaoni.

Fundi alivyolikagua gari

Kwanza fundi aliliweka gari mahali tambarare, akazuia magurudumu kwa magogo, akaliinua kwa jeki, kisha akaliegemeza juu ya stendi imara za chuma. Hakuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, kwa sababu jeki huweza kuteleza na gari likamponda mtu. Wanafunzi wasiingie kamwe uvunguni mwa gari.

Baada ya kuuosha uvungu na kuuacha ukauke, fundi aligonga chuma polepole kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilicholiwa hutoa mlio mzito usio na nguvu. Penye mashaka alisukuma ncha ya bisibisi. Aliona kutu ya aina tatu:

(a) Kutu ya juu juu, iliyo kama vumbi la kahawia. Chuma chini yake bado ni kizima.
(b) Kutu ya magamba, inayobanduka vipande vipande. Chuma kimeanza kuwa chembamba.
(c) Kutu ya kutoboa. Bisibisi hupenya, au tundu laonekana.

Fundi alivyoitibu kutu

Bomba la breki halikutibiwa. Lilitupwa, na jipya likafungwa. Kitu kinacholinda uhai wa watu hakipakwi rangi ili kuficha ubovu wake.

Sehemu moja ya muhimili ilikuwa na tundu. Dereva alitaka izibwe kwa gundi na kupakwa lami, ili gharama ipungue. Fundi alikataa. Gundi hujaza tundu lakini haibebi uzito wa gari. Alikata chuma kibovu mpaka akafikia chuma kizima, kisha akachomelea kipande kipya cha chuma. Kabla ya kuchomelea alitenganisha nyaya za betri, na alihakikisha kuwa tangi na mabomba ya mafuta hayako karibu na moto.

Kutu ya aina (a) na (b) aliitibu kwa hatua hizi:

1. Alikwangua magamba yote, kisha akasugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa. Alivaa miwani ya kukinga macho, glavu na kitambaa maalumu cha kuziba pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu.
2. Katika vishimo ambavyo brashi haikufika, alipaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki. Dawa hiyo huigeuza kutu iliyobaki kuwa kitu kigumu kisichoendelea kula chuma.
3. Chuma kilipokauka kabisa, alipaka rangi ya kwanza yenye zinki, na juu yake rangi ya pili.
4. Mwisho alipaka rangi nzito ya lami ili kuzuia kokoto. Hakuipaka kwenye breki wala kwenye bomba la moshi, kwa sababu sehemu hizo hupata moto.
5. Ndani ya mihimili alipulizia nta ya maji maji, ambayo hupenya kwenye nyufa na kubaki humo. Aliacha vitundu vya kutolea maji vikiwa wazi.

Je, kwa nini fundi hakupaka lami tangu mwanzo juu ya kutu? Kumbuka jaribio letu. Ndani ya kutu mna unyevu na hewa. Lami iliyopakwa juu yake hufungia vitu hivyo ndani pamoja na chuma. Kwa nje uvungu huonekana mweusi na mzuri, lakini kutu huendelea na kazi yake gizani.

Grisi ilivyookoa mitambo ya meli

Katika Ziwa Tanganyika palikuwa na meli ya Wajerumani iitwayo Graf von Götzen. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Meli ilitolewa majini mwaka 1924, na mitambo yake ikakutwa bado yafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina jipya la Liemba. Grisi ilikuwa imezuia maji na hewa visikifikie chuma. Tena, maji ya ziwa hilo si ya chumvi kama ya bahari.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu

- Osha uvungu kwa maji matamu kila gari linapotoka ufukoni.
- Toa matope ndani ya madigadi, na zibua vitundu vya kutolea maji.
- Kagua uvungu kabla na baada ya masika. Rangi iliyobanduka ipakwe upya mara moja.
- Usimwage oili chafu uvunguni. Hudondoka na kuharibu udongo na maji ya visima, na huozesha mipira ya gari.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Doa dogo la kutu huondolewa kwa msasa na rangi kidogo. Likiachwa, litadai chuma kipya, na huenda likadai uhai wa mtu.

Maswali

1. Taja vitu viwili vinavyohitajika ili chuma kishike kutu.
2. Kwa nini maji ya chupa B yalichemshwa? Mafuta yalifanya kazi gani?
3. Gari la kijijini liling'aa juu, lakini lilikuwa la hatari. Eleza sababu.
4. Dereva mmoja amepaka lami juu ya kutu yenye unyevu. Utamshauri nini?
5. Jaza nafasi: Kutu huchukua nafasi ______ kuliko chuma ilichokila.

Kazi ya kufanya

Chunguza vitu vya chuma vilivyoko nyumbani kwenu, kama vile jembe, panga, bawaba za mlango na baiskeli. Andika ni kipi kina kutu, mahali kutu ilipoanzia, na jinsi maji yalivyofika hapo. Kisha safisha na kupaka mafuta jembe moja, ulitazame kwa muda wa mwezi 1, na uwaeleze wenzako uliyoyaona.