Miaka 17 ya Yakobo Misri

Somo: Mwanzo 46:1–4, 47:1–12, 27–31

Wazazi wetu wengi wakistaafu huitwa na watoto wao Marekani. Wanasema wanaenda kutembea tu, lakini miaka inapita wakiwa sebuleni wakingoja mtoto atoke kazini.

Yakobo alishuka Misri akiwa na miaka 130, akaishi huko miaka 17. Hiyo si ziara, ni maisha. Alikaa Gosheni, akambariki Farao, na kwao hakusahau: alimwapisha Yusufu asimzike Misri.

Kwanza, pigeni hesabu. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nitasema wazi: pensheni inaingia kwa shilingi, dawa inalipwa kwa dola. Bima ya wazee kule, Medicare, haimfikii mgeni siku ya kwanza. Mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu ambaye hajafanya kazi huko, hata akiwa na miaka 65, hungoja miaka 5 ndipo aruhusiwe kuinunua. Ongeeni na watoto kabla ya kukata tiketi.

Pili, jifunzeni mji. Jueni basi, duka, kliniki na kanisa la karibu. Mtoto asiwe ndiye miguu yenu.

Tatu, tunzaneni. Mama akishinda na wajukuu, Baba asiachiwe televisheni. Tembeeni pamoja, ombeni pamoja.

Mungu alimwambia Yakobo asiogope kushuka, kwa sababu angeenda naye. Hata Dallas yuko.

Swali la ushirika wa nyumbani: Mzazi wako akija kwako, atakuwa mgeni au mwenyeji?