Harufu ya Jiko Imekwisha, Sumu Bado Ipo

Mvua za vuli zikianza, upepo wa ziwani hapa Pasiansi huingia mpaka kwenye mifupa. Ndipo majiko ya mkaa yanapoanza kuingizwa vyumbani. Watu wanaota moto, wanafunga madirisha, wanalala.

Jioni moja ya namna hiyo tulikuwa tunazungumza na akina mama waliomaliza kisomo. Mmoja akatuuliza: "Mwalimu, ninalo jiko dogo la kuotea moto. Limekaa stoo kiangazi chote. Nikiliwasha linanuka vibaya, hata macho yanawasha. Lakini mkaa ukishakolea, harufu inakwisha kabisa. Si ndipo niliingize ndani?"

Wenzake wakaitikia kwamba nao hufanya hivyo hivyo. Hatukutaka kumjibu kwa mkato, maana swali lake ni la uhai.

Tuanze na hiyo harufu. Jiko lililokaa muda mrefu hushika vumbi, mafuta yaliyomwagika zamani, hata uchafu wa panya. Vitu hivyo huungua kwanza. Jiko jipya la bati hunuka rangi. Wengine huwashia mkaa kwa mfuko wa plastiki au kipande cha tairi. Hilo ni kosa, kwa sababu moshi wake una sumu nyingine. Tumia vijiti vikavu au karatasi, na uwashie nje. Na wale wachache wenye hita ya umeme, siku ya kwanza husikia harufu ya vumbi linaloungua, kisha inapotea. Lakini ukisikia harufu ya waya au plastiki inayoyeyuka, zima na uchomoe mara moja, usiitumie tena mpaka fundi aikague.

Sasa tuje kwenye jibu lenyewe. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi wala harufu, unatoa hewa ya sumu. Wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi hukukohoza, nawe unakimbia. Hii haikushtui hata kidogo. Pua ni mlinzi mzuri, lakini kwa adui huyu mlinzi amelala.

Inauaje? Damu yetu hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini, kama kivuko kinavyobeba abiria. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Inakaa kwenye viti vyote, na oksijeni inabaki gatini. Ubongo na moyo vinakosa hewa huku mtu akiwa amelala usingizi mzito.

Mambo haya yamejulikana zamani. Mwaka 1896 mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, alieleza kwamba wachimbaji wengi waliokufa baada ya milipuko katika migodi ya makaa ya mawe waliuawa na hewa hii, wala si na mlipuko wenyewe. Alishauri wachimbaji washuke na viumbe wadogo. Wakawa wanabeba ndege ndani ya tundu, na desturi hiyo iliendelea Uingereza hadi mwaka 1986. Ndege ni mdogo na anapumua haraka, kwa hiyo huanguka kabla ya mtu. Wakimwona ameanguka, wanakimbia.

Tunaleta habari ya ndege kwa sababu ya desturi yetu moja. Mwanamke akijifungua, katika nyumba nyingi huwekewa jiko la mkaa chumbani ili yeye na kichanga wapate joto. Nia ni njema. Lakini kichanga naye ni mdogo na anapumua haraka. Yeye ndiye ndege wetu, isipokuwa hatumtazami, tumemfunika kanga. Mjamzito naye yumo hatarini, maana sumu hupita kwenye damu yake ikamfikia mtoto tumboni.

Akina bibi watauliza, basi tumpe joto kwa nini? Mvalishe mtoto kofia na soksi. Mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe blanketi pamoja. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa kizito, inapasha kitanda kabla ya mtoto kulazwa. Iondoe kwanza, ndipo umlaze. Jiko libaki nje, mahali pasipo na mvua wala watoto wa kulikanyaga.

Wapo wanaoweka ndoo ya maji chumbani ili ivute sumu. Haivuti. Wapo wanaofunika makaa kwa majivu. Moto unapungua, lakini makaa yanaendelea kutoa sumu kimya kimya. Majiko yenye udongo ndani yanapunguza gharama ya mkaa, jambo jema, lakini nayo si ya kulala nayo.

Dalili zake zinafanana na malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu kulegea. Tofauti ni kwamba mwili hauchemki, watu wa chumba kimoja huugua pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Ukiona hivyo, fungua milango, watoe wote nje, uwapeleke hospitali wakapewe oksijeni. Usipoteze muda kutafuta maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii.

Jambo moja zaidi ni zito. Asubuhi watu wakikutwa wamekufa bila jeraha, mlango umefungwa kwa ndani, minong'ono huanza: nani kawaroga? Huku Kanda ya Ziwa tunajua minong'ono hiyo inakofika. Bibi wazee wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa sababu wamepikia kuni miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, angalia kama kuna jiko chumbani.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu:

Nyumbani kwako jiko la mkaa hulala wapi wakati wa mvua?

Kwa nini mtu asitegemee pua yake kumwambia kwamba chumba ni salama?

Nani katika kitongoji chenu anatarajia kujifungua msimu huu, na nani atakwenda kuzungumza na mama mkwe wake?