Geneva wanakagua, sisi tumeandika nini?

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa Arusha, chini ya Mlima Meru. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kumruhusu mwananchi kuishitaki serikali moja kwa moja katika Mahakama hiyo. Novemba 2019 ikaliondoa tamko hilo, na kuanzia Novemba 2020 mlango huo ukafungwa kwa kesi mpya.

Upo mlango mwingine ambao wengi wetu hatuujui. Tangu mwaka 2008, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, lililoko Geneva, hukagua kwa zamu kila nchi mwanachama wa Umoja huo, kubwa kwa ndogo. Wanaokagua ni nchi wenzake. Zamu ya Tanzania ilifika mwaka 2011, 2016 na 2021.

Kikao huchukua saa tatu na nusu. Mezani huwa kuna ripoti ya serikali, mkusanyiko wa taarifa za vyombo vya Umoja wa Mataifa, na muhtasari wa taarifa za asasi za kiraia. Nchi hutoa mapendekezo, na serikali husema ni yapi inayakubali.

Wapo wanaosema huku ni nyani kutoona kundule, kwani nchi inayotesa watu wake nayo humhoji mwenzake. Ni kweli, na mapendekezo hayo si hukumu. Lakini ahadi iliyotolewa mbele ya dunia ni hati. Mwananchi anaweza kuishika na kuuliza imetekelezwa wapi.

Chukua suala la mahabusu. Masheikh wa Uamsho walisota gerezani miaka mingi bila kesi yao kufikia hukumu, hadi mashitaka yalipofutwa Juni 2021. Misikitini tulilalamika sana. Ila manung'uniko hayafiki Geneva. Kinachofika ni maandishi: nani alikamatwa, lini, yuko gereza gani, kesi imeahirishwa mara ngapi.

Asasi hutuma taarifa hiyo miezi kadhaa kabla ya kikao. Asasi moja huruhusiwa maneno 2,815, na zikiungana maneno 5,630. Hizo ni kurasa chache tu, ambazo wanasheria na walimu wetu wanaweza kuziandika.

Swali kwa kamati zetu za misikiti hapa Arusha: daftari la kumbukumbu hizo liko wapi? Kama halipo, zamu ijayo watatusemea wengine, au hatutasemewa kabisa.